Barafu Nzima Mbele ya Lango

Beki wa bei ya chini kuliko wote katika Ligi ya Bonde aliitwa Titus Wabwile, na huyo ndiye Oduya aliyemtaka.

Kwamboka alidhani mumewe amegusa mahali pasipo. Tangu kiharusi kimpige, mkono wa kulia wa Oduya ulikuwa umelala tu pajani, na ule wa kushoto ungali unajifunza kazi. Basi akalifuta jina, akamrudishia tableti achague upya. Oduya akamgusa Wabwile tena. Kwamboka akafuta tena. Mara ya tatu mumewe alibana kidole pale pale juu ya jina, akamtazama kwa jicho lile alilokuwa akimtazamia zamani kila alipomkatiza hadithi.

"Huyu," akasema.

Siku hizo maneno yalimjia moja moja, tena kwa taabu, kwa hiyo hakuyatumia ovyo. Kwamboka akamwacha na beki wake.

Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana, saa ambayo nusu ya Naivasha huwa imeinamia vioo vya simu ikipanga vikosi. Mchezo wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Unachagua wachezaji wa kweli wa hoki ya barafuni, wanaume kwa wanawake, kutoka timu yoyote ya ligi, unawaunganisha katika kikosi chako cha kubuni, na kila wanachofanya uwanjani jioni hiyo kinakuletea alama: bao, pasi ya bao, kuzuia kisahani, ambacho ndicho mpira wa mchezo huo. Bei za wachezaji hupangwa na Mizani, mtambo unaosoma jezi na magongo yao kila sekunde ya mchezo na kuwapima upya kila Jumapili adhuhuri. Ukijaza nyota wawili, huna tena cha kununulia wengine. Ufundi wote umo katika kumgundua mtu aliyezidi bei yake kabla Mizani haijamgundua.

Oduya alikuwa na ufundi huo. Ujana wake aliumalizia kwenye hoki ya nyasi, utu uzima wake akautumia kufundisha hoki hiyo shule ya upili, na barafu ilipoingia nchini alikuwa miongoni mwa wazee wa kwanza kuipenda. Kiharusi kilimnyang'anya mguu, mkono na ulimi, lakini jicho kilimwachia. Hivyo ndivyo Kwamboka alivyokuwa akijiambia. Ila Wabwile hakuwaletea kitu Jumamosi ile, wala iliyofuata, na kikosi chao kikateremka taratibu hadi mkiani mwa kundi lao. Marafiki walituma vicheko. Baadaye wakaacha kutuma, na Kwamboka akajua wameanza kumhurumia mumewe. Hilo ndilo lililomuuma.

*

Kazi ya Kwamboka ilikuwa baridi. Yeye ndiye aliyekuwa mhandisi wa uwanja wa Mvuke, timu ya nyumbani, iliyopata jina lake kutokana na kile kilichoigandisha barafu yake. Wageni walipoambiwa kwamba barafu ya Naivasha inatengenezwa kwa moto, walidhani wanataniwa. Mvuke uliochotwa ardhini ulichemsha maji yaliyomeza amonia; amonia ikajitenga, ikapozwa hadi ikawa kimiminika, kisha ikaachiliwa ghafla itanuke. Katika kutanuka huko ilinyonya joto la mabomba yote yaliyopita chini ya sakafu, na juu ya mabomba hayo maji yalimwagwa tabaka kwa tabaka yakaganda. Nje jua lilikuwa la utosini. Ndani watu walizungumza pumzi zikitoka kama moshi.

Ndani ya barafu yenyewe zilikuwa zimelazwa nyuzi za kuhisi joto, nyembamba kama unywele. Makali ya kiatu yakipita juu ya barafu huipasha joto kidogo kwa kitambo kifupi sana, na nyuzi huona. Kila uwanja wa Bonde ulikuwa nazo. Ziliwekwa ili mhandisi ajue wapi pamechubuka, apeleke gari la kulainisha, basi. Mizani haikuzihitaji, na hakuna mwingine aliyewahi kuzitazama.

Asubuhi moja, Kwamboka akikagua michubuko ya mechi iliyopita, alikumbuka zile huruma za marafiki, akaingiwa na hamu ya kumsuta Wabwile, aliyekuwa beki wa Mvuke hiyo hiyo. Akazitenga dakika ambazo beki huyo alikuwa uwanjani na zile alizokuwa benchi. Alitaka tu kumwonyesha mumewe kwamba hakuna tofauti.

Mbele ya lango ndipo barafu huumia kuliko pote, kwa maana ndipo kila mshambuliaji anapotaka kufika. Katika dakika za benchi, eneo hilo lilikuwa limekwaruzwa kama ubao wa kukatia sukuma wiki. Katika dakika za Wabwile lilikuwa jeupe. Kwamboka akadhani nyuzi zimekufa. Akafungua mechi ya nyuma yake, na nyingine, na nyingine. Kote ilikuwa vile vile. Washambuliaji walikuja kwa kasi, halafu, bila kuguswa na mtu, wakapinda kuelekea pembeni na kupiga mikwaju isiyo na madhara. Wabwile hakuwa akizuia kitu. Alikuwa tu amesimama pale ambapo pasi ilitaka kupita, kabla mwenye pasi hajajua anaitaka njia hiyo.

Mizani ilihesabu yaliyotokea. Wabwile kazi yake ilikuwa ni yale yasiyotokea.

Kwamboka alifunga chumba cha mashine, akaenda nyumbani kabla ya saa ya kutoka. Oduya aliitazama ile barafu nzima kwenye tableti, akaanza kucheka. Tangu hospitali alikuwa hajacheka. Maneno yake yote yalikuwa yamevunjika, lakini kicheko chake kilitoka kizima, na Kwamboka alilazimika kugeuka ajishughulishe na birika la chai.

*

Iliwachukua wiki nyingi kutengeneza kipimo cha kumpima mchezaji kwa michubuko ya barafu. Jioni Kwamboka alileta michoro ya barafu kutoka viwanja vyote vya Bonde, kwa maana wahandisi wenzake walimpa bila kuuliza, na Oduya akaonyesha kwa kidole: hapa tazama, hapa puuza. Mizani ilipokea vipimo vipya mwisho wa msimu kutoka kwa yeyote. Kipimo kikikubalika, wachezaji wote walipimwa upya kwacho. Yeye na Oduya walikuwa hawajafanya jambo pamoja hivyo tangu walipojenga nyumba. Kwamboka alijikuta akiimba njiani.

Kwa furaha hiyohiyo alimwita Wabwile chumba cha mashine baada ya mazoezi. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye desturi ya kuinamisha kichwa mlangoni hata pale ambapo mlango ulimtosha. Kwamboka akamwonyesha barafu yake. Akamweleza kwamba mwisho wa msimu kila mtu atajua yeye ni nani.

Wabwile hakuketi. Aliitazama michoro mmoja mmoja, kisha akarudisha mlango.

"Mama Injinia," alisema, "umemwambia nani?"

"Mume wangu tu. Ndiye aliyekuona kwanza."

"Basi tafadhali ishieni hapo."

Ndipo akamweleza, akitazama mita za ukutani badala ya uso wake. Zamani Mizani ilikuwa ya mchezo tu, lakini klabu za nchi za baridi ziligundua kuwa mamilioni ya watu wakipanga vikosi vya kubuni hawakosei sana, na zikaiweka Mizani ndani ya mikataba yenyewe. Kila aliyetaka kucheza Bonde alitia sahihi. Bei yake ikivuka mstari wa juu Jumapili adhuhuri, anavutwa: miaka mitano kaskazini, bila kuulizwa na bila familia. Ikiwa chini ya mstari wa chini msimu unapokwisha, anaondolewa. Wabwile alitia sahihi akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na alichotaka wakati huo kilikuwa kuvutwa tu.

"Halafu nikapata Nekesa," alisema. Mtoto alikuwa akikaa Gilgil na mama yake. Waliachana kwa wema, na kila Jumapili mtoto alikuwa wake kuanzia asubuhi hadi jua linapozama. Sasa alikuwa na umri wa miaka saba. Miaka mitano baadaye angekuwa na kumi na miwili.

Kwa hiyo Wabwile alijifunza namna Mizani inavyohesabu, akajificha ndani ya hesabu zake. Alipoona pasi yake itazaa bao, aliitoa mapema ipitie kwa mwingine kwanza. Alipoukaribia mstari wa chini, alizuia kisahani kimoja mbele ya watu wote, akapanda kidogo. Miaka yote hiyo alikuwa akiishi kati ya mistari hiyo miwili, karibu na ule wa chini, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Kwamboka alimuuliza kwa nini asiache kucheza kabisa, mambo yakaisha.

"Niache barafu?" alisema Wabwile, na akamtazama kana kwamba ameambiwa aache kula.

*

Usiku ule Kwamboka alimweleza Oduya yote, na mwishowe akasema waizike ile kazi. Alisema kwa sauti nyepesi, ya mtu anayeamua kuhusu pazia, kwa sababu alijua anachomwomba mumewe akitupe. Oduya aliivuta tableti kwa mkono wake mzima, akafungua barafu ya mchezaji mwingine.

Alikuwa Chelagat, mshambuliaji wa Mvuke, msichana wa Molo ambaye kila baada ya mazoezi hupita chumba cha mashine kupasha vidole kwenye bomba la mvuke. Kwamboka alimpenda kwa kuwa hupiga hodi. Bei yake ilikuwa chini ya mstari, na msimu ukiisha alikuwa anarudi nyumbani. Lakini barafu ilisema mengine. Kila timu yake ilipopoteza kisahani, Chelagat alikuwa wa kwanza kurudi nyuma, na njia zake za kurudi zilikuwa zimeuzingira uwanja wote kama mshono wa nguo. Kwa kipimo chao, hakuna mshambuliaji Bonde zima aliyemzidi kurudi nyuma, na hilo, likijumlishwa na mabao yake machache, lilitosha kumvusha mstari wa chini.

Oduya akafungua mwingine, wa Nakuru. Akafungua mwingine, wa Eldoret. Wote walikuwa chini ya mstari.

"Hawa?" akauliza.

"Na Titus je?"

Mumewe alifumba macho akilitafuta neno, na Kwamboka akangoja bila kumsaidia, kama daktari alivyomfundisha.

"Pia," akasema Oduya, kwa maana kwamba huyo naye alikuwa na haki yake.

Hapo ndipo walipokwama. Asubuhi Oduya aliukataa uji. Kwamboka alienda kazini akiwa na hasira naye, na kufika adhuhuri hasira hiyo ilikuwa imebaki bila mwenyewe, kwa maana hakuona ni nani mwenye kosa. Akinyamaza, wanaoondolewa wataondolewa, na yeye peke yake atakuwa anajua kwamba si haki. Akisema, atakuwa amemchukua baba kutoka kwa mtoto ambaye hajamwona hata sura.

Jioni alimwambia Oduya kwamba jambo hili si lao wawili tena. Titus lazima asikie habari za Chelagat, na akishasikia, neno lake liwe la mwisho. Akikataa, hawatatuma. Kipimo kile kilikuwa kitu pekee Oduya alichokuwa amekijenga tangu mwili wake umgomee, na Kwamboka alikuwa akimwomba akitie mikononi mwa mtu mwingine. Mwishowe Oduya akasukuma bakuli la uji uliopoa kuelekea kwake, apashiwe.

"Mwambie," akasema.

*

Wabwile hakulipokea vizuri. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole kwamba kumbe sasa huyo msichana amekuwa mzigo wake.

"Ni wangu pia," Kwamboka alimjibu. "Ndiyo maana sikuweza kuubeba bila kukuambia, mwanangu."

Aliondoka bila kuaga. Wiki nzima alipita mbali na chumba cha mashine, na Kwamboka alimwona mara moja tu, amesimama ukingoni mwa uwanja baada ya wenzake kuondoka, akimtazama Chelagat akifanya mazoezi ya ziada peke yake. Msichana alikuwa akikimbilia nyuma, anageuka, anakimbilia nyuma tena, kwa bidii ya mtu anayedhani kosa liko kwake.

Jumapili mchana, hodi ilipigwa nyumbani. Alikuwa Wabwile, na nyuma ya mguu wake alikuwa amesimama mtoto mwembamba mwenye koti jekundu. Alisema walikuwa wanapita. Kwamboka hakuuliza walikuwa wanapita kwenda wapi. Akamkaribisha Nekesa jikoni, akampa donge la unga wa chapati alichezee, na kupitia mlango ulio wazi akawasikiliza wanaume.

Wabwile aliomba kuonyeshwa kile Mzee alichokiona. Oduya akafungua mechi ya mwanzo wa msimu, si barafu bali picha zenyewe, akaisimamisha. Kidole chake kikaenda kwa Wabwile, mdogo pembeni mwa picha, akigeuza bega kidogo tu. Akaiachia picha. Mshambuliaji aliyekuwa akija akapinda. Akaisimamisha tena mahali pengine: Wabwile akirudi hatua moja nyuma. Mahali pengine: gongo likishushwa barafuni bila kugusa chochote. Alizijua zote. Alikuwa amezihifadhi msimu mzima, kimoja kimoja, vile vitu vidogo ambavyo mtu alivifanya akiamini kwamba hakuna anayeviona.

Wabwile alikuwa ameinama mbele kwenye kiti. Baada ya muda alisema, kwa sauti iliyokuwa si yake, kwamba ile ya bega hata kocha hakuwahi kumwuliza.

Oduya akauweka mkono wake wa kushoto juu ya goti la kijana yule. Ilionekana anatafuta neno kubwa. Shingo yake ilikakamaa, midomo ikajaribu, ikaacha, ikajaribu tena.

"Nilikuona," alisema.

Wabwile akajifunika uso kwa mkono wa sweta. Alikaa hivyo hadi Nekesa alipokuja mlangoni na unga puani, akasimama akimtazama baba yake, kisha akaenda kumkalia mguuni bila kuuliza.

Hapo, mtoto akiwa mguuni, ndipo Wabwile aliposema atakachofanya. Mchezaji aliyerudisha jezi na kujiondoa kwenye sajili kabla ya Jumapili adhuhuri hapimwi, na asiyepimwa havutwi. Angemaliza msimu. Angejiondoa baada ya mechi ya mwisho, nao watume kipimo chao keshokutwa yake, kimkute hayupo. Kwamboka alitaka kumwambia afikiri kwanza, lakini aliona kwamba kijana amekwisha kufikiri wiki nzima, na kwamba uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Wabwile aliomba jambo moja tu, na hakuwaomba wao. Alikuwa kama anayejiombea mwenyewe. Mechi hiyo ya mwisho, alisema, hatajificha.

*

Kwamboka aliitengeneza barafu ya siku ile kwa mkono wake. Alimwaga maji ya moto, ambayo huganda yakiwa angavu zaidi, na akashusha baridi kidogo kupita kawaida ili makali yakate vizuri. Oduya aliwekwa kwenye kiti chake cha magurudumu ukingoni, blanketi magotini, na Nekesa alikaa kando yake na mama yake, aliyekuja naye kutoka Gilgil kwa sababu Titus alimpigia simu na kumwomba.

Waliokuwapo bado wanaizungumzia mechi ile, ingawa wengi hawakujua walichokuwa wakitazama. Katika kipindi cha kwanza Wabwile aliinyang'anya timu ya Nakuru kisahani karibu na lango lake, na badala ya kukitoa haraka kama siku zote, alikibeba. Alivuka katikati. Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja, kwa mshangao zaidi kuliko shangwe, kwa maana ilikuwa kama kuona mlinzi wa benki akiimba opera. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akafunga. Ubaoni juu, ambako Mizani hukadiria bei ya Jumapili mchezo ukiendelea, bei yake ikaruka. Kipindi cha pili alitoa pasi mbili za mabao na hakuzipitisha kwa mtu mwingine kwanza. Alikuwa akiteleza kinyumenyume, akicheka peke yake, na kila aliporudi nyuma barafu iliyo mbele ya lango la Mvuke ilibaki nzima kama ilivyomwagwa.

Nekesa hakupiga kelele. Alikuwa ameshika reli ya uwanja kwa mikono miwili na kumfuata baba yake kwa kichwa, kulia, kushoto, kulia. Mama yake alimwambia Kwamboka kwa sauti ya chini kwamba huyu ndiye Titus aliyemjua mwanzo, kabla ya mambo yote. Hakusema zaidi.

Kipindi cha tatu kilipokaribia kwisha, bei ya Wabwile ilivuka mstari wa juu, na uwanja mzima ukaona rangi ikibadilika ubaoni. Oduya alikuwa akiupiga mkono wa kiti kwa kiganja chake kizima, tena na tena. Machozi yalikuwa yakimtoka upande mmoja wa uso, naye hakuyafuta.

Mvuke ilishinda. Meneja wa klabu alishuka ngazi mbio kumwambia Wabwile kwamba watu wa kaskazini wamekwisha kupiga simu, na akamkuta benchi amevua jezi, ameikunja vizuri. Wabwile alimpa jezi hiyo na gongo lake, akamwomba aliondoe jina lake kwenye sajili mbele ya macho yake, wakiwa wamesimama hapo. Meneja alimbembeleza, kisha akamkaripia, kisha akafanya alivyoombwa. Jina likatoweka ubaoni likiwa bado lina rangi ya dhahabu.

*

Kipimo kilitumwa Jumatatu. Mizani ilikijaribu kwa mechi zote za nyuma, ikakikubali, na Jumapili iliyofuata, ya kufunga msimu, bei za Bonde zima zikapangwa upya. Chelagat alibaki. Alikuja chumba cha mashine kumpa Kwamboka habari hiyo, asijue kwamba anayemwambia alikuwa anaijua, na Kwamboka akashangilia kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Wa Eldoret alibaki. Wa Nakuru alibaki pia.

Lakini mistari ni mistari, na wengine walipopanda, wengine walishuka. Mfungaji mmoja mwenye jina, ambaye barafu yake ilionyesha kwamba harudi nyuma hata siku moja, aliondolewa. Kwamboka alisoma habari zake, akaona picha yake akipakia mabegi, na hakulala vizuri. Alimwambia Oduya kwamba labda kosa halikuwa katika kilichopimwa, bali katika mikataba kuachiwa kipimo kiamue. Oduya aliitikia kwa kichwa. Tangu hapo wakaanza kuwaandikia wachezaji wa Bonde kuhusu mikataba hiyo, yeye akiandika na mumewe akifuta maneno yaliyozidi, na hiyo ikawa kazi yao ya jioni.

Wabwile alipewa kazi ya kuendesha gari la kulainisha barafu na kufundisha watoto kusimama bila kuanguka. Alikuwa mwalimu mzuri. Siku za mechi alisimama mlangoni kwa gari lake, mikono kifuani, na Kwamboka aliona namna bega lake lilivyogeuka kidogo kila mshambuliaji alipokuja, kama mtu anayekanyaga breki ndani ya gari asiloliendesha.

Siku moja, mechi imekwisha na watu wametawanyika, Kwamboka alimuuliza kama anajuta. Alikuwa na haki ya kuambiwa ukweli, alifikiri, hata kama ungemuuma.

"Kila Jumamosi," alisema Wabwile.

Alifikiri kidogo, akitazama ile barafu iliyokwaruzwa ambayo ilikuwa inamngoja.

"Halafu inakuwa Jumapili," akasema, akawasha gari.